Saa ya Kasindi

Bulengera, mtaa wa Butembo, nyuma ya duka la misumari. Watu watatu wameinamia karatasi ya mfuko wa simenti. Mathe ndiye aliyechora ramani. Siku nane alizunguka Butembo akitafuta coopec, chama cha akiba na mikopo, ya kuibia, kofia mkononi kama mulimaji anayeuliza aweke wapi feza ya kahawa. Ya kwanza ilikuwa na polisi mlangoni. Ya pili ilikuwa na ngazi nyingi, hata mwizi angeomba kikombe cha maji katikati. Ya tatu ilikuwa na mlinzi mmoja muzee na mlango wa nyuma.

"Ni hii," akasema.

Kalala, askari wa zamani, akagawa kazi. "Mimi na Mathe tunaingia saa ine. Mi natoka wa kwanza na sac ya feza. Mathe anabakia dakika tano, batu balale chini. Lusenge anamungojea na piki kwa mulango ya nyuma."

"Shemeki, utakuya kweli?" Mathe akamuuliza Lusenge.

Lusenge, motard anayebeba abiria kwa piki mpaka Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, akacheka. "Nikuache, dada yangu Kavuo aolewe na nani? Na mbuzi zangu je?"

Mbuzi kumi na mbili za mahari. Kavuo ana mimba ya Mathe, miezi mitano. Bila mbuzi, hakuna ndoa. Ndiyo maana Mathe yuko pale.

Saa nne kamili. Waliingia. Kalala akapiga risasi moja juu, kwenye plafond.

"Wee mutoto," mama mmoja akasema toka chini, "unakanyaga kikwembe yangu."

"Pardon, mama," Mathe akajibu, bunduki mkononi.

Saa nne na dakika sita. Kalala akatoka na sac.

Na dakika kumi na moja. Mathe akafungua mlango wa nyuma. Matope. Bata wawili. Piki, hapana.

Kumi na tatu. Bata tu.

Kumi na tano. Buti za polisi.

Siku tatu polisi walimpiga ndani ya kasho, chumba chao cha mahabusu, wakitaka majina. Akataja la Yesu na la mama yake. La shemeki, hapana.

Siku ya nne Lusenge akafika na sahani ya fufu na sombe. Akanong'ona kwenye vyuma.

"Unisamehe, shemeki. Nilitokea Kasindi asubui ile. Telefone ilibakia ku réseau ya Uganda, ikaonyesha saa ya kule, ikanidanganya. Kufika, bamesha kukubeba."

Mathe nusura alie kwa furaha. Kumbe telefone tu!

"Na Kalala?"

"Sijamuona. Mais wewe, ulitaja mutu?"

"Hapana."

Lusenge akashusha pumzi. Ndefu mno.

Mathe akarudisha tonge kwenye sahani. Uganda iko mbele ya Butembo saa moja. Kila motard wa Kasindi anajua. Anayefuata saa ya Uganda anafika mapema, anangojea mpaka anasinzia. Hachelewi.

"Lusenge. Telefone yako ilionyesha saa ngapi ukifika?"

Lusenge akaachilia vyuma. Akatafuta mlango kwa macho.

Sac ya watatu, wamegawana wawili.

"Chef!" Mathe akamwita polisi wa zamu. "Funga mulango! Leta bic. Andika Kalala. Andika Lusenge, kaka ya Kavuo. Ni huyu."

"Shemeki, mais..."

Mathe akalamba vidole, akasogea ukutani, akamwachia nafasi kwenye sakafu ya simenti.

"Ingia, shemeki. Mbuzi tutazizungumzia humu."