Tuta Tulilojijengea

Kila asubuhi cherehani ya mshonaji ililia dirishani. Mtaa wao ulikuwa mpana na ulionyooka. Magari yalipita kama yanafukuzwa. Kila lilipopita moja, kioo kilitetemeka, na mshonaji aliinua kichwa kumtafuta kitindamimba wake, binti wa miaka minane.

"Mama, nimeshavuka!" binti alipaza sauti kutoka ng'ambo.

"Nimekuona. Nenda salama."

Ndipo mama aliposhusha pumzi.

Shemeji yake, fundi mwashi, alichoka kusikia malalamiko kuhusu mwendo wa magari. "Tukiwangoja wakubwa, tutazeeka," alisema. "Tujenge tuta letu. Shemeji, wewe lete ndoo, maneno tuachie sisi."

Majirani wakacheka. Siku hiyohiyo walibeba kokoto, wakachanganya saruji, wakainua tuta.

"Acheni nafasi hapo ukingoni," mshonaji alisema. "Maji ya mvua yapite, yasituingilie ndani."

Wakaacha nafasi ya hatua moja.

Magari yalipunguza mwendo. Pikipiki hazikupunguza. Ziliiona ile nafasi, zikawa zinapenya humo. Na humo ndimo watoto walimopita kwa miguu.

Siku ya tisa, mshonaji alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akasikia breki za pikipiki. Hakusikia, "Mama, nimeshavuka."

Mguu wa binti ulivunjika mahali pawili. Daktari aliuunga, lakini haukurudi ulivyoumbwa. Hata alipoweza kutembea kwa gongo, mama alimkataza kutoka.

"Utasoma kwenye madaftari ya wenzako."

"Mpaka lini, mama?"

Mama alikanyaga cherehani, na haikuwa na kitambaa.

Mwezi wa nne baada ya ajali, halmashauri ilimtuma mpimaji wa barabara, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya njano. Aliwakusanya wakazi barabarani. Hakuanza na hotuba.

"Mtaa huu mnaujua ninyi," alisema. "Kila mtu atie alama pale anapovukia. Si pale panapopaswa. Pale anapovukia kweli."

"Na tuta letu?" shemeji aliuliza.

"Litabomolewa, kaka. Nia ilikuwepo, kipimo hakikuwepo. Halina rangi wala kibao, dereva halioni mpaka alifikie. Na mwenye pikipiki mmemwachia mlango."

"Mlango niliuacha mimi," mshonaji akasema.

Mpimaji akamsogelea. "Pole, dada. Njoo unionyeshe."

Tangu siku ile mshonaji hakuwa amekanyaga pale. Alitoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti, akachora mstari. Majirani nao wakachora. Wote walidhani watu huvukia langoni mwa shule. Kumbe mistari ilijazana penye bomba la maji, karibu na kona ya duka.

"Magari yanayoegeshwa hapa konani yanawaficha watoto," mpimaji alisema.

"Sasa wateja wangu waegeshe wapi?" mwenye duka alifoka. "Kichwani kwangu?"

"Kwa upara huo yatateleza!" mtu akadakia.

Watu wakacheka. Mshonaji hakucheka.

"Wataegesha nyuma ya duka," mpimaji alisema. "Na njia tutaipunguza. Njia pana humwambia dereva, kimbia."

"Kama nguo inayopwaya," mshonaji akasema polepole. "Hubanwa pande zote mbili."

"Ndivyo hasa."

Kwanza walijaribu kwa matairi na rangi, wiki mbili. Wakazi wakasema palipofaa na palipobana mno. Kisha ndipo halmashauri ikajenga. Njia ikawa nyembamba. Pembeni ikawekwa njia ya miguu, yenye nguzo zisizopitisha pikipiki. Penye bomba kikainuliwa kivuko chenye mistari myeupe, na kibao cha kumwonya dereva kabla hajakifikia. Maji ya mvua yakachimbiwa mtaro wenye mfuniko.

Asubuhi mama alipomruhusu binti kurudi shule, mteja wa mtaa wa pili alikuja kupimwa suruali. "Na sisi tumeshapata kokoto," alijisifu. "Jumamosi tunajijengea tuta."

Mshonaji aliweka mkasi chini.

"Iteni mpimaji kwanza, baba," alisema. "Semeni wote mnapovukia. Mimi nilikata kabla sijapima."

Nje lori lilisimama kwenye kivuko. Gongo likasikika, ko, ko, ko, taratibu, mpaka ng'ambo.

"Mama, nimeshavuka!"

Mshonaji aliinua mkono dirishani.