Walikuja Wengi, Hakurudi Mtu

Mwanamume aliyemkanyaga Fenna sokoni Rotterdam alikuwa na suti ya samawati, soksi za njano na manukato yaliyoshinda harufu ya samaki. Foleni ya heringi, samaki wadogo wanaoliwa wabichi, ilikuwa ndefu, na upepo ulikuwa ukitikisa maturubai.

"Samahani, mrembo. Nilikuwa nawajibu wasomaji wangu kwenye simu."

"Wasomaji wa nini? Wa soksi?"

Akacheka. Aliitwa Sjoerd, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuandika blogu. Fenna, ambaye kila Jumapili aliandika kwenye blogu yake habari za bustani ya mama yake, maharage, konokono na mvua, alimtazama kama nzi aliyeangukia supu.

"Haya mwalimu, nipe siri moja." Alimshika heringi mkiani, akamteremsha kinywani na vitunguu vyake.

"Kichwa cha habari kiwe ndoano."

"Na samaki akishanaswa?"

"Unatafuta mwingine."

"Mpuuzi we," alisema Fenna. Lakini alimpa namba ya simu. Moyo hauna adabu.

Kufikia kiangazi walikuwa wakiendesha baiskeli bega kwa bega kando ya mto Maas. Fenna alidharau manukato ya Sjoerd, makofi aliyopigiwa, na wanafunzi wake walioandika wote kwa sauti moja kama kasuku wa tundu moja. Mikono yake tu ndiyo iliyomshinda kuidharau.

Siku moja, wakichuma maharage, Fenna alimwambia jambo ambalo hakuwahi kuliandika. Mama yake hakumtambua tena. Alimwita bintiye nesi, tena kwa upole, akamshukuru kwa chai. Sjoerd alimkumbatia.

Juma lililofuata simu ya Fenna haikupumua. Kwenye blogu ya Sjoerd kulikuwa na makala mpya: "Mama Yake Anamwita Nesi: Jaribu Kusoma Bila Kulia." Watu asiowajua walimtambua kwa bustani ya maharage, wakammwagia pole. Jirani wa mama yake alimzuia kwenye ngazi, macho yakimng'aa kwa umbea. Fenna akampigia Sjoerd.

"Sikutaja jina lako, mpenzi."

"Ulimtaja mama."

"Lakini watu wameguswa! Sijawahi kupata wasomaji wengi hivi!"

"Basi kalale nao."

Akakata. Sjoerd alipiga tena na tena, akatuma ujumbe, akaja hadi mlangoni. Fenna hakufungua. Akaendelea kuandika juu ya maharage yake, na wasomaji wake wachache wakaendelea kumuuliza kama konokono wamekoma.

Vuli ilipoingia, aliona tangazo la somo la Sjoerd maktabani. Akavaa koti lake jekundu la mvua, akaenda kuketi nyuma kabisa, apate kumcheka.

Bibi mmoja aliinua mkono. "Tufundishe ile ya nesi. Uliwavutaje wote wale?"

Sjoerd alitikisa kichwa. "Nimeifuta. Walikuja wengi, mama. Nilipoandika nyingine, hakurudi mtu. Walikuja kutazama kidonda, wakaenda zao. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akinisoma kila neno, huku ananisonya. Huyo nilimuuza."

"Sasa hilo nalo ni somo?" bibi alinung'unika.

Nje, Sjoerd alimkimbilia Fenna penye baiskeli. "Ulikuja kunicheka?"

"Ndiyo."

"Na?"

"Hotuba mbovu. Umejihurumia mno."

"Bado unanidharau?"

"Kuliko jana." Akafungua kufuli. "Jumapili naenda kwa mama. Ukitaka, njoo. Na simu uiache kwako."

Alikuja. Mama alikuwa ameketi dirishani, shali begani, akamkagua mgeni toka kiatu hadi nywele.

"Wewe nani?"

Sjoerd alimtazama Fenna. "Mimi nataka kumwoa binti yako, mama. Akinikubali."

Mama akamtazama tena, taratibu, midomo ikishuka.

"Binti yangu? Fenna wangu ana akili. Hawezi kukubali kitu kama hiki." Akageuka. "Nesi, hebu mtoe nje."

Fenna alicheka hadi machozi yakamtiririka. Miezi mingi ilikuwa imepita bila kusikia jina lake kinywani mwa mama yake. Akamshika Sjoerd mkono, akamtoa nje kama alivyoagizwa, na kule ukumbini, akiwa bado analia, akamwambia ndiyo.