Diski ya Kuiamsha Kompyuta

Alasiri za Gombani zina usingizi wake. Mwatum alikuwa akikaa mbele ya kompyuta, harufu ya karafuu mbichi ikimjia dirishani, akisikiliza sauti ya marehemu mama yake. Aliirekodi mwenyewe, mama akiimba nyimbo za kubembelezea watoto. Akiisikia, hujiona amelala mapajani pake tena.

Siku moja mumewe, Ridha, alikuwa akiweka Linux mpya, programu kuu inayoiendesha kompyuta. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta haikuamka. Kioo kilionyesha herufi mbili tu: LI.

"Nimeuliza dukani," alisema Ridha. "Wasema tufute kila kitu, tuanze upya."

"Na mama je?"

Ridha akaizima kompyuta.

Mwatum akaenda kwa jirani yao, Bi Asma, aliyekuwa akifundisha kompyuta. Bi Asma akaja na diski moja nyembamba ya plastiki.

"Msifute kitu, shoga," alisema. "Herufi hizo mbili zaonyesha kilichoharibika ni programu ndogo ya kuamsha. Linux yenyewe na nyimbo zako zimo ndani. Mtu akipoteza ufunguo, habomoi nyumba."

Akaichomeka diski, akaiwasha kompyuta. "Sasa yasoma diski hii kwanza. Nami naiambia ni sehemu gani Linux imelala katika diski kuu iliyo ndani ya kompyuta."

Akaandika maneno machache. Kioo kikajaa maandishi, yakipanda taratibu kama mvuke wa chungu. Bi Asma akairekebisha programu ya kuamsha, akatoa diski, akawasha tena. Kompyuta ikaamka yenyewe.

Sauti ya mama ikatoka, laini, kama inatoka chumba cha pili. Ridha akainamisha kichwa.

"Nakilini nyimbo hizi kwenye sidii leo hii," alisema Bi Asma. "Kisha tengenezeni diski yenu, muijaribu kabla ya kuiweka. Isikae penye unyevu wala karibu na spika. Sumaku iliyo ndani ya spika huifuta."

Wakafanya hivyo.

Baadaye Mwatum alisikia kuwa kompyuta ya Mwalimu Mmanga, kule Kojani, imegoma kuamka. Akapanda mashua na diski yake.

"Lakini hiyo ni ya kompyuta yako," alisema Mmanga.

"Itaamsha Linux yoyote ya kompyuta kama hizi, Mwalimu. Mradi uiambie imelala wapi."

Kioo kilikaa cheusi kidogo. Kisha maandishi yakaanza kupanda.

Mmanga akavuta kiti. "Nifundishe kutengeneza yangu," alisema.