Nafasi Iliyoachwa Wazi

"Kiti cha mbao," kompyuta ilisoma. "Mwanamke amekikalia, analia."

Shemeji aliinua uso. Hakuwa akiona tangu utotoni. Kazi yake pale ofisini ilikuwa kusikiliza kurasa za tovuti zikisomwa na mashine, awaambie wenzake palipoharibika. "Fundi, hiki kiti kina mtu?"

Fundi akaangalia picha. Kiti kitupu cha duka la samani, basi.

Kiolezo cha ukurasa ule, yaani muundo wake, kilitengenezwa na marehemu mke wa Fundi, dada yake Shemeji. Penye sehemu ya maelezo ya picha, yale yasiyoonekana ila husomewa wasioona, marehemu hakuandika maneno. Aliweka nafasi ambayo kompyuta ingeijaza yenyewe kwa taarifa za mteja, kila picha na maelezo yake. Mteja alipotaka taarifa za zamani zifutwe, Fundi alizifuta, lakini kwenye nafasi ile mkono uligoma. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkewe. Akaiacha wazi, haina cha kuijaza.

"Ni dada," Shemeji alinong'ona. "Nasikia harufu ya mafuta yake ya nywele."

"Shemeji, tuyaache hayo."

"Usininyang'anye, tafadhali. Tangu tumzike, nani ameniongelesha zaidi ya habari za asubuhi?"

Maneno yalimchoma Fundi, maana yalikuwa kweli. Na harufu ile hata yeye alikuwa akiisikia, mchana kweupe, tamu mwanzoni kisha ina uvundo kwa ndani, na kila picha aliyoifungua, kabati, meza, kitanda, ile sauti ya mashine isiyopanda wala kushuka ilimsimulia mwanamke yule yule akisogea, kwanza mbali, kisha mlangoni, kisha nyuma ya mgongo wa mtu anayetazama kompyuta, mpaka Fundi akaogopa kugeuza shingo.

Akaweka picha ya harusi yao. Kama ni mkewe, atajijua.

Mashine ikasoma: "Mwanamume yuko peke yake. Kando yake pana nafasi. Naomba niingie."

"Si yeye," Fundi alisema. "Mke wangu yumo humu, anacheka meno yote nje. Hiki kitu hakimjui."

"Usiifunge nafasi hiyo, Fundi!"

Akaifunga. Pale penye nafasi aliandika maneno yasiyobadilika, akahifadhi.

"Picha ya bidhaa," mashine ikasoma. "Picha ya bidhaa."

Harufu ikakatika. Fundi aliinamia meza akalia kama siku ya mazishi, kwa sababu kile kidogo alichobakiwa nacho cha mkewe alikuwa amekifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Alipoinua kichwa, Shemeji alikuwa amesogea hadi pembeni ya benchi lake, anapangusa upande wa pili kwa kiganja.

"Shemeji, unamwekea nani nafasi?"

"Aliomba vizuri," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nimemwambia aketi."

Benchi likalia, kama linavyolia siku zote mtu akikaa.