Zahanati Nzuri Isiyo na Muuguzi

Spéciose alifia mbele ya mlango wa zahanati. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ulikuwa mlango mzuri wa chuma, wa rangi ya buluu. Aliyeulipia ni kaka yake, Masumbuko, anayeishi Sydney.

Spéciose alikuwa akijifungua, na damu haikukata. Waliombeba walijua kwamba ndani hakuna mtu. Lakini hospitali ni mbali, mvua zilikuwa zimeanza, na mto ulikuwa umejaa. Walimweka barazani, angalau asilowe. Mtoto naye hakuishi.

Habari ilifika Guildford, mtaa wa magharibi mwa Sydney anakokaa Masumbuko, mwezi wa Septemba 2021. Masumbuko alikuwa ametoka kazini. Yeye hupakia masanduku kwenye ghala la vyakula. Mji ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na huku magharibi, wanakokaa watu wa maghala na wa usafi, ulifungwa zaidi. Askari walipita mitaani. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa. Watu hawakuruhusiwa kukusanyika kwenye matanga. Ndugu walilia kila mmoja nyumbani kwake, kwenye simu.

"Papa Ketsia, kula kidogo," mkewe Honorine alimwambia.

"Tulijenga zahanati, Honorine. Tuliijenga!"

"Mulijenga nyumba," Honorine akajibu. "Nyumba haizalishi mtu."

Ilikuwa kweli. Mwaka 2019, Wakongo wa kijiji kimoja wanaoishi Sydney walichanga wakajenga. Walipiga picha nyingi. Kando ya mlango walibandika bamba la jiwe lenye majina yao wote, hata ya watoto wao. Kisha wakarudi kwenye kazi zao.

Siku chache baada ya msiba, Masumbuko alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba. Jirani yake Chepngetich alikuja kwenye uzio, barakoa imeshuka kidevuni. Chepngetich ni Mkenya. Kwao alifanya kazi katika ofisi ya afya ya kaunti. Hapa anasomea uongozi wa umma katika chuo cha Kensington, na jioni anahudumia wazee. Si mtu wa kuzungusha maneno.

"Pole sana, Baba Ketsia. Lakini wacha nikuulize. Muuguzi wa hiyo dispensary alikuwa wapi?"

"Tulikuwa na kijana mmoja. Akaenda kuchimba dhahabu."

"Nani alikuwa anamlipa?"

"Sisi."

"Kila mwezi?"

"Mara tulipokumbuka. Halafu korona ikakuja, shift zikakatwa. Tukanyamaza."

"Na serikali ilisema nini mlipoanza kujenga?"

Masumbuko alitupa kibanio cha nguo ndani ya ndoo.

"Serikali gani, sister? Ile iliyotukimbiza? Mimi nilitoka kule na shati moja. Sasa nipige magoti kwao, niombe ruhusa ya kusaidia dada zangu?"

"Sijasema uipende. Nimeuliza kama mliiambia."

"Hatukuiambia. Tulisema, hawa ni wezi, tufanye yetu."

Chepngetich alitikisa kichwa.

"Sasa nisikie. Kujenga ni kazi ya mara moja. Kila mtu anapenda kujenga, kuna picha na keki. Kuendesha ni kila siku. Muuguzi ale leo, na mwaka ujao ale. Dawa ziletwe. Mtu aje akague. Hiyo ni kazi ya serikali. Mkijenga nje ya mpango wake, zahanati yenu haiko kwenye hesabu zake. Haitumi muuguzi. Haitumi chanjo. Kwake hicho kitu hakipo. Na nyinyi mmeiondolea mzigo. Inasema asante, inalala."

"Tukiwaambia watakula pesa yetu."

"Watakula mkimpa mtu mmoja pembeni. Lakini wanakijiji wakichagua kamati, na wamama wakiwemo, na bei zikibandikwa ukutani, na mapatano yakisomwa mbele ya watu, kuiba kunakuwa kugumu. Sisemi kunaisha."

"Unaongea kama kitabu cha Kensington."

"Kitabu gani? Kwetu wanasiasa walijenga dispensary kila kona kabla ya kura. Zingine walilala mbuzi. Mavi ya hao mbuzi nimefagia mwenyewe."

Masumbuko alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha alikumbuka jambo, na kicheko kikakatika. Mélanie, mkubwa wa watoto wanne walioachwa na Spéciose, alikuwa na mimba. Angejifungua Februari. Kufuli bado lilikuwa mlangoni.

Usiku ule alimpigia binamu yake Déo, aliyebaki kijijini. Déo akaenda kwenye ofisi ya zone de santé, inayosimamia zahanati zote za eneo lile. Daktari wa zone alikuja kwa pikipiki. Alizunguka jengo. Aligonga ukuta kwa kidole. Halafu alisema maneno ambayo Déo aliyarudia kwenye simu polepole.

"Amesema hivi: ng'ambo ya mto ana muuguzi, mama Gloriose. Upepo uling'oa paa la zahanati yake. Tangu mwaka jana anatibu watu chini ya turubai. Amesema, 'Mimi nilikuwa na muuguzi bila paa, nanyi mlikuwa na paa bila muuguzi. Kwa nini hakuna aliyeniambia?'"

Masumbuko alikaa chini sakafuni, jikoni.

Daktari alikubali kumhamishia mama Gloriose kijijini, na kumwombea aandikwe kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Lakini alitaka zahanati iwe ya umma. Kijiji kichague kamati. Bei zionekane. Bango la serikali likae kando ya mlango, mahali pale pale penye bamba la majina.

Chama cha wale waliochanga kilikutana kwa video. Mwenyekiti, Aimé wa Blacktown, alikasirika.

"Donc tumejengea serikali bure? Majina ya watoto wangu iko pale ukutani!"

Masumbuko akajibu. Aliongea kwa muda mrefu. Alimtaja dada yake. Alilia. Alipomaliza, nyuso zote kwenye skrini zilikuwa zikimtazama tu.

"Dad, you're on mute," binti yake Ketsia akasema.

Maikrofoni yake ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Ikabidi aanze upya. Safari hii hakuwa na machozi, wala hakurefusha.

"Aimé, ndugu yangu. Dada yangu alifia chini ya yale majina. Na langu liko pale, la kwanza juu. Nitajie moja lililomfunga damu."

Aimé alivua miwani. Aliipangusa kwa shati.

"Bango likae," alisema. "Lakini tusiwape pesa mkononi."

"Hatuwapi mkononi. Tutamwongezea muuguzi posho mpaka mshahara wake utoke. Itapita kwenye kamati, na kamati itasoma hesabu mbele ya kijiji. Siku mshahara ukitoka, tunaacha. Usipotoka, tunawauliza. Kila mwezi tunawauliza."

Bamba la majina liling'olewa kwa tindo. Kufuli lilitoka Januari. Kwenye kamati waliingia wanawake wanne, na mmoja wao alikataa kabisa bei za kujifungua mpaka zikapunguzwa. Mshahara wa mama Gloriose ulichelewa, na mpaka leo huja kwa kusuasua. Chama kinapiga simu zone kila mwezi, kama kilivyosema. Maofisa wamechoka nacho. Sawa, wachoke.

Mélanie alijifungua Februari, ndani, kitandani. Alitoka damu nyingi, kama mama yake. Mama Gloriose alimchoma sindano na damu ikakata. Déo alituma video ya mtoto. Honorine aliitazama tena na tena. Masumbuko aliitazama mara moja, akaenda kazini.

Kuuliza kungekuwa simu moja tu, kabla ya msingi kuchimbwa. Hawakupiga. Hii ndiyo gharama yake: jengo zuri lililokaa na kufuli zaidi ya mwaka mzima. Muuguzi mmoja chini ya turubai. Watoto wanne wasio na mama. Mtoto mmoja aliyezikwa bila jina. Na Spéciose.