Kompyuta Mbili za Mjomba Alfani

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua sare, Shamimu alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeitaka. Alipanda juu ya pipa, akaegemea paa la baraza na kufuta vumbi kwenye paneli ya sola. Kitongoji chao, nje kidogo ya Njinjo, hakijafikiwa na nguzo za umeme. Paneli ile ndiyo iliyojaza betri, na betri ndiyo iliyoendesha studio ya mjomba wake Alfani, mtengenezaji wa video za harusi. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yake, Bibi Esha. Zamani chumba hicho kilikuwa ghala la ufuta, na Bibi Esha alipenda kukumbusha watu kwamba ufuta haukuwahi kumpigia kelele.

Mwezi ule kompyuta ya zamani ya Mjomba Alfani ilizimika katikati ya kutengeneza filamu ya harusi ya watu na haikuwaka tena. Rafiki yake wa Dar es Salaam anayeuza kompyuta akamtumia mbili kwa basi. Azijaribu, achague moja, na nyingine airudishe Jumatatu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa na nyeusi, yenye ubavu wa kioo na taa za rangi zilizokimbizana ndani. Ilipowashwa, feni zake zilinguruma mpaka kuku wakatoka barazani. Bibi Esha aliitazama kwa muda.

"Huyu ni kama mkwe wangu," alisema. "Mkubwa, anapendeza, anakula sana, na akila lazima wote tusikie."

Mkwe aliyesemwa ni baba yake Shamimu, naye alikuwepo palepale na sahani ya ubwabwa mkononi. Alicheka, lakini sahani aliiweka chini.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, imekaa kimya mezani. "Na huyu ni mgeni," Bibi Esha aliendelea. "Hujui kama ameshiba au ana njaa." Tangu siku hiyo kompyuta zile zikaitwa Mkwe na Mgeni, na hata Mjomba Alfani, aliyejua majina yao halisi ya kiwandani, aliacha kuyatumia.

"Ndani ya kila moja kuna kitu kinaitwa prosesa," Mjomba Alfani alimweleza Shamimu. "Huyo ndiye mpishi. Mimi nikishakata picha na kuzipanga, yeye ndiye anayezipika zote ziwe filamu moja. Umeme ndio kuni zake. Mpishi wa Mkwe ana mikono mingi, na wa Mgeni anayo michache. Nataka kujua mambo mawili. Nani anawahi kuivisha, na chungu kikishaiva, nani ameteketeza kuni nyingi zaidi."

Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Mitole kupiga picha za mahafali, na asingerudi mpaka Ijumaa. Kwa hiyo kazi ya kupima alimwachia Shamimu. "Mwalimu Bertha ameniambia unaongoza darasa la sita kwa sayansi. Utakachoniambia ndicho nitakachofuata." Kisha akampa masharti. Kompyuta zote mbili zipike filamu ileile fupi. Kila moja ianze betri ikiwa imejaa, yaani zile taa tano za kijani kwenye kifaa cha betri ziwe zinawaka zote. Na wakati wa kupima, kusichomekwe kitu kingine chochote.

Shamimu alikubali kwa moyo mweupe, ila moyo huo ulikuwa na kasoro moja. Ndani ya Mkwe kulikuwa na mchezo wa mpira, na wachezaji wake walikimbia kama watu wa kweli. Mchezo huohuo ukiwekwa kwenye Mgeni, wachezaji walitembea utadhani wako kwenye tope la mpunga. Mjomba alikuwa amesema atakayebaki, watoto watamchezea kidogo kila Jumamosi. Shamimu alikuwa ameshatangaza habari hiyo shule nzima. Musa, anayekaa naye dawati moja, alikuwa ameshapanga ligi, na amejiweka fainali bila kucheza mechi hata moja.

Jumatano ilikuwa zamu ya Mkwe. Bibi Esha alikuwa ndiyo kwanza ameinjika maharage jikoni. Mkwe aliwaka, akanguruma, na upepo wa moto ukamtoka mgongoni. Bibi Esha alikuja kuona kinachoungua, akaupima ule upepo kwa kiganja, akaondoka. Alirudi na ungo wa makopa ya muhogo, akautega nyuma ya kompyuta.

"Angalau kitu kikauke," alisema.

Maharage hayajaanza hata kulainika, filamu ikawa imeiva. Musa alishangilia. Shamimu alitazama kifaa cha betri, akakuta zimebaki taa mbili tu.

Alhamisi ikawa zamu ya Mgeni, na Bibi Esha akainjika maharage mengine. Mgeni hakutoa sauti. Musa alimwekea sikio kuhakikisha kama yu hai. Maharage yalichemka, yakalainika, na Mgeni bado anapika polepole. Lakini alipokuwa amepita nusu ya kazi, taa zilikuwa bado nne.

"Kumbe huyu hali kitu," Musa alisema kwa huzuni. "Mjomba wako atamchukua huyu. Ligi imekufa."

Macho yao wote wawili yakaenda kwenye waya wa soketi nyingi uliokuwa umening'inia ukutani.

Shamimu alijua vizuri jaribio la haki ni lipi. Mwalimu Bertha aliwahi kuwafundisha kwa mimea miwili ya kunde. Ukitaka kujua kazi ya maji, mmoja unyweshe, mwingine uunyime, na mengine yote yawe sawasawa. Shamimu aliyajua hayo kama jina lake. Hata hivyo aliuchukua waya ule na kuuchomeka kwa mkono wake mwenyewe.

Musa akapita mtaani kutangaza kwamba leo simu zinachajiwa bure. Simu ya kwanza kufika ilikuwa ya Bibi Esha. Zikafuata za majirani, halafu Musa akaleta sabufa ya kaka yake, na ilipowashwa darasa la sita lilijikuta linacheza muziki barazani. Mgeni alipomaliza kupika, maharage yalikuwa yameshaliwa, na taa ilibaki moja.

Ijumaa Mjomba Alfani alirudi. "Haya, hakimu," alisema. "Umeamuaje?"

"Mkwe aliwahi sana," Shamimu alijibu. "Akabakiza taa mbili."

"Na Mgeni?"

"Alichelewa. Akabakiza moja."

Maneno yote yalikuwa ya kweli, lakini uongo ndio aliousema. Mjomba Alfani alitikisa kichwa. "Kadogo vile? Mimi ningeapa kwamba hali kitu." Akamrudisha Mgeni kwenye boksi lake, akalifunga kamba na kuliweka karibu na mlango kusubiri basi la Jumatatu.

Alikuwa bado anakaza fundo pale alipoingia Mzee Bonaventura, akitembelea fimbo. Mzee huyo ndiye aliyemlea mjukuu wake Valeria tangu akiwa mchanga. Siku Valeria alipofunga ndoa, yeye alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya mguu. Filamu ya harusi hiyo ndiyo iliyokuwa ikisubiri kupikwa, na Mjomba Alfani alikuwa ameahidi kuionyesha Jumapili baada ya misa, kabla bibi harusi hajaondoka na mumewe kwenda Mtwara.

"Shikamoo babu," Shamimu alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Alfani, Jumapili ipo?"

"Ipo, mzee. Una haraka gani na wewe?"

Mzee alikaa kwanza. "Watu wananichanganya," alisema. "Wengine wananiambia Valeria alipotoka kanisani alilia. Wengine wanasema si kulia, lilikuwa vumbi la pikipiki. Nimemuuliza mwenyewe, anacheka tu. Nataka nijionee."

Shamimu alijifanya anapanga nyaya. Kuna kitu kilianza kumchoma, lakini alijiambia kwamba Mkwe ni hodari na filamu itakuwepo.

Jumamosi asubuhi Mjomba Alfani alimpa Mkwe harusi nzima. Filamu hiyo ilikuwa ndefu kuliko ile ya majaribio, ila yeye alihesabu kwamba Mkwe anavyokula, jua nalo litakuwa linaongeza. Jua halikuwa na habari ya hesabu hizo. Mawingu yalitanda toka upande wa Mto Matandu na kukaa palepale. Mkwe aliendelea kunguruma na kutema moto. Makopa ya Bibi Esha yalikauka vizuri. Taa zikawa tatu, zikawa mbili, ikawa moja, kisha kifaa cha betri kikalia pii na kila kitu kikazima. Kwenye filamu, keki ilikuwa haijakatwa.

Mjomba Alfani alikaa akitazama kioo cheusi. "Na nikiwasha, anaanza upya," alisema taratibu. "Huyu hafiki mwisho. Na Mgeni, kwa kipimo chako, angeishia njiani hata kabla ya huyu." Alisimama, akachukua kofia yake. "Acha niende kwa mzee nikamwambie hakuna filamu."

Shamimu alimwona Mzee Bonaventura akilini, amekaa na fimbo yake, bado hajui kama lilikuwa vumbi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mjomba, usiende," alisema. "Si Mgeni aliyekula umeme. Ni sabufa."

Mjomba Alfani aligeuka. "Sabufa gani?"

"Ya kaka yake Musa. Na simu."

"Simu ngapi?"

"Za mtaa."

Bibi Esha, aliyekuwa akikusanya makopa, alisema polepole, "Na yangu ilikuwemo. Ilijaa vizuri sana."

Shamimu alieleza yote, kuanzia ligi mpaka waya, na hakumsingizia Musa. "Mimi ndiye niliyechomeka. Nilimtaka Mkwe abaki. Nisamehe, mjomba." Machozi yalimtoka.

Mjomba Alfani hakufoka, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. Aliirudisha kofia kwenye msumari, akakata kamba ya boksi na kumtoa Mgeni. "Leo haiwezekani tena. Lakini kesho, jua likitoka, wewe na Musa mtakuwa walinzi wa paneli. Na kila atakayekuja na simu, mtamweleza nyinyi wenyewe kwa nini hachaji."

Jioni hiyo hawakuwasha hata taa moja. Walikula kwa tochi, na Bibi Esha akasema ni kama enzi za ufuta.

Jumapili jua lilitoka safi. Betri ilipopata taa mbili, Mgeni akaanza kazi. Shamimu na Musa walifuta paneli mpaka ikang'aa. Watu wa simu walianza kufika, kwa maana habari ya bure husambaa upesi na haifutiki. Musa alilazimika kurudia maelezo yale kwa kila mmoja, na kila mmoja alicheka kwa namna yake. Kufikia adhuhuri alikuwa amepungua majivuno kiasi cha kumwonea huruma. Mgeni naye alikula kidogokidogo, kiasi ambacho paneli iliweza kumpa, na taa hazikushuka chini ya mbili. Kengele ya misa ya mwisho ilipolia, filamu ilikuwa imeiva.

Watu walijaa barazani mbele ya runinga ndogo. Mwalimu Bertha alikuwemo. Shamimu alimwamkia, kisha akamweleza alichofanya kabla hajakisikia kwa watu wa simu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Mkwe si kompyuta mbaya," alisema. "Mpeleke Lindi mjini, kwenye umeme usiokatika hovyo, na mtu mwenye haraka ya kazi atamfaa sana. Hapa kwetu umeme ni wa kubana, kwa hiyo anayetufaa ni yule anayeivisha chungu kizima kwa kuni chache, hata kama anachelewa. Hayo mngeyaona Alhamisi kwa macho yenu. Lakini ukidanganya kwenye kipimo, Shamimu, mashine haiumii. Anayeumia ni yule aliyeamini jibu lako. Mjomba wako alikuamini. Na yule mzee pale nusura aikose filamu yake, bila hata kujua kwamba alikuwa mikononi mwako."

Mzee Bonaventura alikuwa amewekewa kiti cha mbele kabisa. Filamu ilianza. Kwaya ikaimba, pete zikavishwa, milango ya kanisa ikafunguliwa na Valeria akatokea na shela lake. Alisimama. Alitazama benchi la wazee kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayemtafuta mwenzake. Hakuona aliyemtafuta. Akainama na kujifuta macho kwa ncha ya shela, na kamera ilikuwa karibu sana kiasi kwamba hapakuwa na vumbi wala pikipiki.

Valeria mwenyewe, aliyekaa chini karibu na kiti cha babu yake, hakucheka safari hii. Alimshika goti.

"Si vumbi," mzee alisema.

"Si vumbi, babu," Valeria alijibu.

Shamimu alipenya katikati ya watu mpaka kwenye kile kiti. Kesho yake Mkwe angepanda basi kurudi Dar es Salaam, na Musa ndiye angembeba kichwani mpaka kituoni. Lakini deni hili lilikuwa la Shamimu peke yake. "Babu," alisema, "filamu hii ingekosekana kwa sababu yangu. Nilimdanganya mjomba."

Mzee alimtazama. "Kisha ukasema kweli?"

"Nikasema, babu."

"Mapema?"

"Siyo sana."

"Lakini imewahi," mzee alisema, akamsogezea kigoda. "Kaa hapa. Nirudishie filamu pale mlangoni."

Shamimu alitazama kifaa cha betri, akaona taa zinatosha. Akarudisha pale mlangoni, na mzee alipoomba tena, akarudisha tena.