Presha ya Bibi na Kiti cha Dirishani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kitanda cha Bibi kilikuwa kimeshatandikwa na chumba kilikuwa kitupu. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, wa pili katika foleni, mkoba wake mapajani.

Mjukuu wake hakushangaa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kwa jinsi alivyopenda kuongea, watu wote walimwita Chiriku. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee alimoishi Bibi, kwa hiyo kila asubuhi walikuja pamoja: mama akaingia jikoni, yeye akaenda kukaa na Bibi.

Chiriku aliujua utaratibu wa mahali pale. Muuguzi aliweka meza mwisho wa korido na kumpima kila mzee presha kabla ya kifungua kinywa. Aliyekwisha kupimwa aliingia ukumbi wa chakula na kuchagua pa kukaa. Na ukumbi mzima ulikuwa na kiti kimoja tu kilichopata jua la asubuhi, kile cha dirishani.

Wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida, alikuwa mzee aliyeitwa Dereva. Ujana wake wote aliendesha basi, na hata sasa hakupenda kupitwa.

"Leo tena umekuta taa nyekundu," alimwambia Bibi.

"Endesha tu," Bibi akajibu. "Siku utakayopata pancha, nitakupita nikikupungia mkono."

Benchi zima likacheka. Chiriku alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Bibi. Bibi aliukunja mmoja juu ya mwingine, akaukunjua, akaukunja tena. Chiriku akamnong'oneza kwamba choo hakikuwa mbali, angeenda mara moja tu na kurudi.

"Nikinyanyuka hapa, nikirudi niko mkiani," Bibi alinong'ona. "Nitakwenda baada ya chai. Na usimwambie mtu. Mimi si mtoto wa kuulizwaulizwa habari za choo."

Chiriku akaahidi. Ilikuwa hivyo hivyo jana, na juzi pia.

Muuguzi alikuwa makini na kazi yake. Alimuuliza kila mzee maswali yaleyale: kama amekwenda haja ndogo, kama amekunywa kahawa, kama amelala vizuri. Zamu ya Bibi ilipofika, Bibi alijibu kwamba amekwenda, wala hakupepesa macho. Mkanda ukafungwa mkononi, mashine ikavuma, huku Dereva akipiga kelele kutoka mlangoni kwamba kiti kimeshapata mwenyewe, na Bibi akimjibu.

Mashine ilionyesha 172 kwa 96. Muuguzi akarudia kupima, na tofauti ilikuwa ndogo sana.

Alimweleza Bibi kwa upole kwamba namba zilikuwa juu wiki nzima. Daktari angefika saa nne, na huenda angeongeza dawa. Bibi aliuangalia mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado umefungwa bendeji. Mwezi uliopita dawa ilipoongezwa, aliamka kitandani, akapata kizunguzungu, akaanguka. Dawa ilipunguzwa, lakini kifundo cha mkono kilikuwa bado kinauma. Muuguzi alimwambia wazi siku ile kwamba alikuwa na bahati, kwa sababu wengi wa umri wake huvunjika nyonga.

Saa nne daktari aliingia chumbani kwa Bibi pamoja na muuguzi. Alizitazama namba za wiki nzima, akauliza kama chumvi imezidi, kama dawa zinamezwa kila siku, kama kuna lolote lisilo la kawaida asubuhi. Bibi alisema hakuna. Daktari akatoa kalamu.

Chiriku aliitazama kalamu, kisha bendeji.

"Dakta, Bibi huwa haendi haja kabla ya kupimwa," alisema. "Anabana mkojo ili asipoteze nafasi kwenye foleni."

"Chiriku!" Bibi alisema.

Daktari akaiweka kalamu mezani. "Kila siku?"

"Kila siku niliyokuwepo."

Muuguzi alimgeukia Bibi. "Mama, si huwa nakuuliza?"

"Unauliza mbele ya watu," Bibi alijibu. "Ulitaka niseme nini mbele ya Dereva?"

Daktari hakumkemea. Aliomba Bibi apimwe upya, palepale. Bibi alikwenda chooni kwanza, mgongo umenyooka, bila kumtazama mjukuu wake. Aliporudi, muuguzi alimketisha kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, bila kukunja miguu. Alimvua sweta ili mkanda ukae juu ya ngozi, akaulaza mkono wa kulia mezani, usawa wa moyo. Kisha akasema wasubiri dakika tano bila mtu kuzungumza.

Kwa Bibi na mjukuu wake, huo ulikuwa mtihani. Bibi alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili muuguzi aliinua kidole. Chiriku aliuma midomo.

Mashine ikavuma. 144 kwa 84. Baada ya muda mfupi muuguzi alipima tena: 140 kwa 84.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa mbovu?" Bibi aliuliza.

"Mashine ni nzima," daktari alisema. "Ilipima presha yako pamoja na mkojo, soga na mbio za kiti. Nilikuwa karibu kuiandikia foleni dawa."

Aliamua dawa ibaki ileile, Bibi apimwe vizuri kwa wiki moja, ndipo waamue. Muuguzi alisema kosa lingine lilikuwa lake: aliwaacha wazee wapige soga wakati wa kupimwa, na maswali ya faragha aliyauliza koridoni.

"Uliniahidi," Bibi alimwambia Chiriku.

"Niliahidi, Bibi. Lakini ungeanguka tena."

Bibi akamtazama daktari kana kwamba anasubiri amtetee.

"Bibi, siri ya mtu hutunzwa," daktari alisema. "Lakini siri inayoweza kumuumiza mwenyewe huambiwa mtu mzima anayehusika, kama mjukuu wako alivyofanya. Na wewe, muuguzi anapokuuliza, mpe jibu la kweli hata kama linakutia haya. Tukipewa habari ya uongo, tunatoa matibabu yasiyofaa."

Bibi alivaa sweta lake polepole. "Nimesikia," alisema. Kisha akamvuta Chiriku, akamkalisha karibu naye.

Kesho yake asubuhi benchi halikuwepo koridoni. Muuguzi alipita chumba kwa chumba na mashine yake, akifunga mlango kila alipoingia. Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amebandika karatasi: kiti cha dirishani kitakaliwa kwa zamu, kuanzia chumba namba moja. Dereva aliisoma mara mbili. Yeye aliishi chumba namba tisa.

Bibi alipimwa akiwa ametulia kwenye kiti chake: 138 kwa 82. Kisha akatoka chumba namba moja, akatembea taratibu hadi ukumbini, akaketi dirishani, na kumpungia Dereva mkono.